Picha ikiharibika, usikimbilie kufuta

MFANYABIASHARA wa mchele anayevuka mpaka wa Manyovu na Mugina hana haja ya kufundishwa jambo hili. Gunia likifika Mabanda limeloa, hakimbilii kulimwaga. Kwanza anauliza: limeloa wapi? Ghalani Kigoma, kwenye lori, mpakani wakati wa kukaguliwa, au ndani ya stoo yake mwenyewe?

Akishajua limeloa wapi, anajua pia cha kufanya. Kama ni lori, atabadilisha turubai. Kama ni stoo, atapandisha magunia juu ya mbao. Lakini akimwaga kwa hasira kabla ya kuuliza, amepoteza mchele na hajapata jibu.

Picha ya kamera ya dijitali nayo husafiri. Inazaliwa ndani ya kamera, inalala kwenye memori kadi, inapita kwenye waya, kisha inaingia kwenye kompyuta. Siku unapoifungua na kukuta nusu yake ni kijivu, au imejaa mistari ya rangi ya zambarau, swali ni lile lile la gunia: imeharibikia wapi?

Wengi wetu hatuulizi. Tunabonyeza kitufe cha kufuta, au tunaikubalia kompyuta inapotuuliza kama tunataka kufomati kadi. Mimi mwenyewe nilikaribia kufanya hivyo, na kama ningefanya, ndugu wawili wa kilima kimoja wangekuwa mahakamani mpaka leo.

Karatasi ya mzee

Nilirejea Burundi mwaka 2009 kutoka Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako nilizaliwa na kusoma. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mwaka uliofuata baada ya kurejea nilikuwa nikifundisha katika shule moja karibu na Mabanda, na kwa kuwa niliwahi kujifunza kompyuta kidogo, nilikabidhiwa kamera ya shule ili nipige picha za vitambulisho vya wanafunzi.

Mwezi Agosti 2010, wakati wa likizo, alinijia mzee mmoja ambaye tulirejea naye. Alikuwa amekuta shamba la baba yake likilimwa na familia nyingine, kama ilivyowatokea wengi wetu. Baada ya mazungumzo ya miezi kadhaa, familia zile mbili zilikubaliana kugawana mbele ya bashingantahe, wale wazee wa usuluhishi wa kilima. Makubaliano yaliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi moja tu, wakatia vidole.

“Mwalimu,” aliniambia, “njoo na hiyo mashine yako, uipige picha karatasi, upige na mpaka wenyewe.”

Nilipiga picha 14: karatasi yenyewe, wazee waliosimama kama mashahidi, na mstari wa minyaa uliopandwa siku ile kuwa mpaka. Jioni nikaichomeka kamera kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi ya shule, iliyokuwa ikitumia jenereta. Programu ikazihamisha picha zote. Sekunde chache baada ya kumaliza, jenereta ikazima kwa kuishiwa mafuta. Nikafunga ofisi nikaenda nyumbani, nikijua kazi imekwisha.

Mvua ya kwanza ya Septemba ikavuja kwenye nyumba ya mzee, na wino wa ile karatasi ukayeyuka. Siku chache baadaye mtoto mmoja wa ile familia ya pili akarudi kutoka mjini na kusema hajui mpaka wowote wa minyaa. Mzee akaja kwangu mbio.

Nikafungua kompyuta mbele yake. Picha ya karatasi ikatokea: mistari minne ya juu ikisomeka vizuri, na kutoka hapo kwenda chini, kijivu kitupu. Majina na vidole vyote vilikuwa chini. Nilipoitazama kamera, ilikuwa tupu. Programu ilikuwa imewekewa alama ya kufuta picha kwenye kamera baada ya kuzihamisha, nami sikuwa na habari.

Kila ugonjwa na dalili zake

Kabla ya kueleza ilivyoishia, ni vyema msomaji akajua namna ya kuisoma picha iliyoharibika, kwa sababu uharibifu wenyewe husema ulikotoka.

Picha nyingi za kamera huhifadhiwa kwa utaratibu uitwao JPEG, uliowekwa mwaka 1992. Utaratibu huu huikata picha katika vigae vidogo vya piseli 8 kwa 8, kisha huviandika kimoja baada ya kingine, kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia. Ndiyo maana faili lisilofika lote huonyesha sehemu ya juu nzima na ya chini kijivu. Mwandishi alikatizwa kabla ya kumaliza ukurasa.

Hicho ndicho kilichonipata. Kompyuta inapokwambia imemaliza kunakili, mara nyingi bado imeshikilia sehemu ya kazi kwenye kumbukumbu yake ya muda, na huiandika kwenye diski sekunde chache baadaye. Umeme ukikatika katikati ya hapo, jina la faili lipo, ukubwa wake unaonekana sawa, lakini ndani kuna pengo. Vivyo hivyo kwa anayechomoa flashi au kadi bila kubonyeza alama ya kuondoa kifaa kwa usalama.

Dalili ya pili ni rangi kugeuka ghafla. Picha inaanza vizuri, kisha kutoka mahali fulani inakuwa ya kijani au ya waridi mpaka chini, na pengine imesogea upande kana kwamba mtu kakata kichwa na kukiweka begani. Hapa faili limefika lote, ila kuna biti chache zilizobadilika.

Kwa nini kosa dogo liharibu nusu nzima ya picha? Fikiria daftari la mikopo la muuza duka. Haandiki deni lote kila siku, anaandika nyongeza tu: leo ameongeza 2,000, kesho amepunguza 500. Ukikosea mstari mmoja, hesabu zote za chini yake zitakuwa na kosa hilo. JPEG nayo huandika mwanga na rangi ya kigae kwa kutaja tofauti yake na kigae kilichotangulia. Kosa moja likiingia, linarithiwa mpaka mwisho.

Dalili ya tatu ni picha mbili kuungana: juu bibi harusi, chini lori la vitunguu. Hapa picha zenyewe huenda hazina kosa. Kilichochanganyikiwa ni orodha ya kadi, yaani ile sehemu inayokumbuka vipande vya kila faili vimewekwa wapi. Hutokea sana kadi inapochomolewa kamera ikiwa bado inaandika, au betri inapokufa wakati huo.

Dalili ya nne huwachanganya wengi: picha ndogo inaonekana safi kwenye orodha, lakini ukiifungua kubwa haifunguki. Si uchawi. Kamera huweka nakala ndogo sana ndani ya faili lile lile, karibu na mwanzo wake. Nakala hiyo inaweza kupona hata kama picha yenyewe imekufa. Usiifute. Kwa familia isiyo na picha nyingine ya marehemu wao, hata hiyo ndogo ni mali.

Dalili ya tano ni mistari au rangi ya zambarau katika kila picha, hata kwenye kioo cha kamera kabla hujabonyeza, na hata ukibadilisha kadi. Hapo usihangaike na waya wala kompyuta. Tatizo liko kwenye jicho la ndani la kamera, kile kipande kinachopokea mwanga. Mwaka 2005 makampuni kadhaa ya Japani yalitangaza kwamba baadhi ya kamera zao zilikuwa na kasoro ya aina hiyo, ambayo hujitokeza zaidi kwenye joto na unyevu. Anayenunua kamera ya zamani ya mitumba na aipige picha kwanza papo hapo, aitazame, ndipo atoe fedha.

Waya nao una tabia zake

Watu wengi, mimi nikiwemo zamani, huanza kwa kulaumu waya. Wakati mwingine ni kweli, lakini inafaa kujua waya wa USB unavyofanya kazi.

Unaponakili mafaili kupitia USB, data husafiri kwa vifurushi, na kila kifurushi hukaguliwa kinapofika. Kikifika na kasoro, hutumwa tena. Kwa hiyo waya mbovu kwa kawaida haukuletei picha iliyogeuka rangi. Unakuletea kazi inayokwama katikati, kompyuta inayosema kifaa hakitambuliki, au kamera inayokatika na kuunganika tena. Picha iliyokuwa njiani wakati huo ndiyo hubaki nusu.

Hali ni tofauti kamera inapotumika moja kwa moja, kwa mfano kamera ndogo iliyowekwa juu ya kompyuta kwa ajili ya picha za vitambulisho. Kamera za namna hiyo kwa kawaida hutuma fremu moja baada ya nyingine bila kusubiri. Kifurushi kikipotea hakirudiwi, maana fremu nyingine imeshafika mlangoni. Matokeo yake ni fremu zilizochanika, nusu uso wa sasa na nusu wa nyuma kidogo, au michirizi inayokuja na kuondoka.

Ukiona hivyo, chomoa vifaa vingine vinavyotumia njia hiyo hiyo. Achana na kile kigawanyio chenye matundu manne kinachobeba kamera, flashi na printa pamoja. Chomeka kamera kwenye tundu la kompyuta yenyewe, ikiwezekana la nyuma kwa kompyuta za mezani. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Picha ikitulia baada ya hapo, umempata mwizi.

Fuata hatua, usiruke

Ndugu msomaji, ukikutana na picha zilizoharibika, fanya hivi kwa mpangilio.

Kwanza, acha kupiga picha kwa kadi hiyo. Kadi nyingi za SD zina kidude kidogo cha kusukuma pembeni. Kisukume upande wa kufunga, kadi haitaandikwa tena mpaka ukifungue.

Pili, irudishe kadi kwenye kamera uitazame picha pale. Usiishie kuiona tu, ikuze. Kamera nyingi hukuonyesha kwanza ile nakala ndogo niliyoitaja, ukadhani picha ni nzima. Ukikuza, inalazimika kusoma faili lenyewe.

Tatu, kama kwenye kamera ni nzima, gunia limeloa njiani au stoo. Nakili upya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: kwanza waya, kisha tundu, kisha kompyuta. Ukibadilisha vyote kwa pamoja picha itapona, lakini hutajua mgonjwa alikuwa nani. Njia nzuri zaidi ni kuacha waya wa kamera kabisa na kutumia kisoma kadi.

Hapo kuna tahadhari. Visoma kadi vya zamani, vilivyotengenezwa kabla ya kadi za SDHC kuanza mwaka 2006, haviwezi kusoma kadi zinazozidi GB 2 za aina hiyo. Kompyuta inaweza kukwambia kadi haijafomatiwa na kukuuliza kama unataka kuifomati. Kadi haina kosa lolote, kisoma kadi ndicho hakijui lugha yake. Jibu ni hapana, kila mara.

Nne, kama hata kwenye kamera picha ni mbovu, weka kadi nyingine na upige picha ya majaribio. Ikitoka safi, kadi ya kwanza ndiyo mgonjwa. Ikitoka na kasoro ile ile, ni kamera, mpelekee fundi.

Tano, kama picha zimefutika au kadi haisomeki, tumia programu ya kuokoa. Iko moja inayotolewa bure iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Christophe Grenier. Haitegemei ile orodha ya kadi. Inapita kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila faili la JPEG huanza nazo. Sharti lake moja ni hili: kilichookolewa kiwekwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile.

Sita, ukishaokoa na kuhakikisha, ndipo ufomati kadi, na uifomatie ndani ya kamera yenyewe.

Kadi za sokoni

Kwa wanaonunua na kuuza vifaa hivi mpakani, kuna jambo la kuangalia zaidi. Zipo kadi zilizochezewa. Juu zimeandikwa GB 32, na hata kompyuta inasoma GB 32, kumbe uwezo wake halisi ni GB 4 au chini ya hapo. Picha za mwanzo hutoka safi kabisa. Ukivuka uwezo halisi, zinazofuata hupotea au huandikwa juu ya za kwanza. Mteja anadhani kamera yake imekufa.

Ziko programu za bure za kupima, kama H2testw ya Windows. Huijaza kadi mpaka ukingoni, kisha huisoma yote na kulinganisha. Huchukua muda, na kadi lazima iwe tupu, lakini mfanyabiashara anayepima kadi moja katika kila shehena mpya hatarudishiwa lawama na wateja wake.

Ilivyoishia

Nirudi kwa mzee. Siku ile mkono wangu ulikuwa tayari kuendelea kuhangaika na kamera, kupiga picha moja moja nione kama inafanya kazi. Sijui kwa nini niliacha. Niliitoa kadi, nikaifunga kwenye karatasi, tukaenda mimi na mzee kwa kijana mmoja mwenye steshenari, aliyekulia kambini na kujifunza kompyuta Kasulu.

“Shikamoo mwalimu. Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa.”

Hakuniuliza picha ni za nini. Aliuliza maswali mawili tu: tangu zifutike umepiga nyingine? Umefomati? Nilipomjibu hapana kwa yote mawili, akashusha pumzi. “Basi tuna matumaini, mwalimu. Kufuta ni kama kung’oa kibao cha jina mlangoni. Mwenye nyumba bado yumo, mpaka uingize mpangaji mwingine.”

Bahati yetu ilikuwa likizo. Kamera ilikuwa imelala kabatini wiki zote zile. Kama shule ingekuwa wazi, ningekuwa nimepiga wanafunzi mamia, na kila uso wa mtoto ungekuwa umekalia mahali pa ile karatasi.

Programu ilifanya kazi karibu saa nzima. Mzee alikaa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo yake, bila kusema neno. Picha zikaanza kurudi bila majina yake ya zamani, zikiwa na namba tupu, pamoja na nyingine za muhula uliopita ambazo nilishazisahau. Katika zile 14 zetu, 12 zilirudi nzima. Mbili zilirudi zimeungana na nyingine: juu minyaa, chini mwanafunzi wa darasa la sita mwenye sare.

Karatasi ilikuwa miongoni mwa zile 12. Tuliikuza mpaka vidole vya wino vikaonekana na mistari yake.

Kijana alichapa nakala mbili, moja kwa kila familia. Yule mtoto aliyetoka mjini alipoiona sahihi ya baba yake, hakusema tena. Mpaka ukabaki ulipokuwa. Mzee amekwishafariki, lakini minyaa ipo, imekuwa mirefu kuliko mtu.

Tusiojua sura za babu zetu

Leo wengi wanapiga picha kwa simu, na wapo watakaosema habari za kamera na waya zimepitwa na wakati. Lakini simu nyingi nazo zina memori kadi zile zile za sokoni, nazo huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya, na watu wanachomoa kabla haijamaliza. Gunia ni lile lile.

Sisi tuliozaliwa ukimbizini tunalijua pengo la picha. Waliokimbia mwaka 1972 walibeba watoto na kilichoweza kukaa kichwani. Wengi wetu hatujui babu zetu walifananaje. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anafuta picha kwa sababu imetoka na mistari, wakati labda ilihitaji kunakiliwa tena tu.

Kwa hiyo nakili, usihamishe. Fungua picha moja moja uzione kwa macho kabla hujafuta za kwenye kadi. Weka nakala mahali pawili, tena si katika begi moja. Na siku zikiharibika, kaa chini kwanza ujiulize zimeloa wapi.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu aliyerejea Burundi kutoka Tanzania.